Betri za nikeli-kadimiamu zinazokaa kwenye chaji muda wote: mkondo kiasi gani?

Swali: Shikamoo fundi. Nina duka la nyavu na vifaa vya uvuvi jirani na mwalo wa Kirumba hapa Mwanza. Nimenunua kwa mtu wa chuma chakavu seli 10 za nikeli-kadimiamu (NiCd), kubwa kama yale mawe manene ya tochi, zimeandikwa 4000 mAh (miliampea-saa). Zilitolewa kwenye taa za dharura za jengo lililobomolewa. Nataka kuziunga ziwe volti 12 ziwashe mkanda wa taa za LED umeme ukikatika, na muda mwingine wote zikae kwenye chaji. Nina adapta ya laptopu ya volti 19 na IC ya LM317, kile kidude cha miguu mitatu cha kudhibiti volti. Niweke mkondo kiasi gani ili zisife? Rafiki yangu anasema nisihangaike na mkondo, niziwekee volti 14 tu kama betri ya gari. Halafu nilipozijaribu kuchaji zilipata joto, ni kawaida? Na seli mbili zinasoma sifuri, nizitupe?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Zijaze kwa karibu miliampea 400 kwa saa 16, kisha shusha mkondo uwe miliampea 100 na uziache hapo. Volti 14 za rafiki yako achana nazo. Ni ushauri mzuri kwa betri ya gari, ila hizi si betri za gari. Joto ulilolisikia huenda ni la kawaida na huenda si la kawaida, inategemea ulikuwa unazipa mkondo gani, na hilo hukunieleza. Zile mbili zinazosoma sifuri tutazifikia mwishoni.

Kabla hujashika waya wowote, soma ganda la kila seli. Seli nzuri za taa za dharura huwa zimeandikwa herufi na namba, kwa mfano KRMT 33/62. K na R za mwanzo zinakwambia ni nikeli-kadimiamu ya mviringo, T inakwambia imetengenezwa kuvumilia joto, 33 ni upana wake kwa milimita na 62 ni urefu. Ukikuta inaanza na HR, hiyo ni nikeli-metali haidraidi, ndugu yake, lakini haivumilii chaji ya kudumu kama hii. Na ukikuta imeandikwa volti 3.2, 3.6 au 3.7 kwenye seli moja, hiyo ni lithiamu, iweke pembeni kabisa. Lithiamu haiachwi kwenye mkondo mdogo usiokatika; itawaka. Nasisitiza kwa sababu mtu wa chuma chakavu hupima kwa kilo, haulizi ndani kuna nini.

Kama zote ni KR zenye T, umebahatika. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2006 liliondoa nikeli-kadimiamu kwenye vifaa vingi vya mkononi kwa sababu ya sumu ya kadimiamu, lakini likaziacha nje taa za dharura na vifaa vya hospitali. Sababu mojawapo ni hii hii unayoitafuta wewe: ni betri zinazoweza kukaa kwenye chaji mwaka baada ya mwaka, ndani ya kiboksi chenye joto, zikisubiri umeme ukatike.

Sasa tuingie ndani ya seli. Mafundi hupima kasi ya chaji kwa herufi C, yaani ujazo wa seli. Kwako C ni 4000, kwa hiyo C/10 ni miliampea 400, C/20 ni 200, na C/40 ni 100. Chaji ya kawaida ya NiCd ni C/10 kwa saa 14 hadi 16. Hesabu ya shule ingesema saa 10 zinatosha, lakini seli haihifadhi kila unachoipa. Unailipa karibu mara moja na nusu ya unachokuja kupata.

Seli inapokaribia kujaa, bamba la nikeli ndilo linalotangulia kujaa. Likishajaa, mkondo unaoendelea kuingia hauna pa kukaa, unaanza kutengeneza oksijeni. Oksijeni hiyo inapenya kwenye kitambaa kinachotenganisha mabamba, inafika kwenye bamba la kadimiamu, na kule inamezwa. Watengenezaji hulifanya bamba la kadimiamu liwe kubwa kuliko la nikeli makusudi, ili lenyewe lisijae na hidrojeni isitokee. Ujanja huo ndio ulioruhusu seli kuzibwa kabisa. Zile za mwanzo alizobuni Mswidi Waldemar Jungner mwaka 1899 zilikuwa za kuongezwa maji.

Lakini huko kumezwa kuna kasi yake. Seli iliyozibwa inaweza kumeza oksijeni ya C/10 bila shida. Ukizidisha sana, shinikizo linapanda, kijivalvu cha usalama kinafunguka, na kinachotoka ni maji ya seli, ambayo hayarudi tena. Ule unga mweupe unaouona wakati mwingine pembeni ya ncha chanya ni alama ya seli iliyowahi kutema. Ukiukuta, ufute kwa pamba yenye siki au maji ya ndimu, usiguse macho, na seli hiyo uitilie mashaka.

Na oksijeni ikimezwa, nguvu yake inageuka joto. Yote. Hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Seli zako 10 zikiwa zimejaa zitasimama kwenye volti 14 na kidogo. Ukiendelea kuzipa miliampea 400, hizo ni karibu wati 5.7 zinazogeuka joto ndani ya mlolongo wako, zaidi ya nusu wati kwa kila seli, usiku na mchana. Ukizipa 100, ni wati 1.4 kwa zote 10. Ya kwanza utaisikia mkononi. Ya pili utalazimika kugusisha seli kwenye shavu ndiyo uhisi tofauti.

Kwa hiyo ulipoona joto: kama lilianza baada ya saa 13 au 14 za chaji ya 400 na likaishia kuwa vuguvugu, ni kawaida, seli zilikuwa zinakwambia zimejaa. Kama lilianza mapema, au zilifika mahali ambapo huwezi kushika seli ukahesabu hadi kumi, basi mkondo ulikuwa mkubwa mno. Na kama ni seli moja tu iliyochemka katikati ya zenzake zilizopoa, shida si chaja, ni seli hiyo.

Swali linalofuata ambalo ungeniuliza: kwa nini 100, kwa nini isiwe 10? Ukipiga hesabu ya karatasi, utaona hata 10 ni nyingi. NiCd iliyokaa bila kazi hupoteza kama asilimia 10 siku ya kwanza baada ya kujazwa, halafu asilimia 10 hadi 20 kwa mwezi, zaidi kukiwa na joto. Chukua asilimia 20 ya 4000: ni 800. Mwezi una saa 720. Ukigawanya unapata miliampea moja na kidogo. Moja!

Shida ni kwamba mkondo mdogo kupita kiasi hauchaji vizuri. Seli ikipewa kidogo mno, sehemu kubwa ya kile kidogo inaishia kwenye oksijeni badala ya kubaki kama chaji, na kadiri kunavyokuwa na joto ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Utaacha seli kwenye miliampea 5 mwaka mzima, kitaa cha chaja kinawaka, roho imetulia, halafu siku ya giza zinawaka nusu saa. Ndiyo maana wenye uzoefu hawashuki chini ya C/50 kwa chaji isiyokatika. Juu, taa za dharura zenyewe kwa kawaida huzipa karibu C/20. Mimi kwa seli zilizokwishatumika nachagua C/40, kwa sababu kazi yote ya kuzijaza utaifanya kwa 400 kwanza. Ile 100 ina kazi ya kushikilia tu.

Turudi kwa rafiki yako. Betri ya gari ya risasi na tindikali ukiiwekea volti 13.6 hadi 13.8 zisizobadilika, inavyojaa ndivyo inavyopunguza mkondo yenyewe hadi unabaki mdogo. NiCd haina adabu hiyo. Volti yake ikishajaa haiendelei kupanda ikakusaidia. Inapopata joto, inashuka. Kila nyuzi moja ya joto inaipunguzia seli kama milivolti 3 hadi 4. Kwa seli 10, kutoka ubaridi wa alfajiri wa nyuzi 20 hadi nyuzi 40 za mchana chini ya bati, mlolongo wako unashuka kwa zaidi ya nusu volti. Chaja ya volti 14 haijui hilo, inaendelea kusukuma 14. Mkondo unaongezeka, joto linaongezeka, volti inashuka tena, mkondo unaongezeka tena. Hakuna kitu cha kuusimamisha mzunguko huo isipokuwa fyuzi au moto.

Na kuna jambo la pili ambalo kwako ni zito zaidi, kwa sababu una seli za mtumba. Tuseme seli moja inakufa kwa kujiunga ndani, inakuwa kama kipande cha waya. Kwenye volti 14 zisizobadilika, zile 9 zilizobaki zinagawana 14, kila moja 1.55. Zikifa mbili, nane zinagawana 14, kila moja 1.75, na hapo utasikia harufu. Kwenye mkondo usiobadilika, seli moja ikifa zile nyingine hazijui hata kama kuna msiba: zilikuwa zinapata 100, zinaendelea kupata 100. Ndiyo sababu nakuomba uchague mkondo, halafu volti ziende zitakako.

Utasikia pia kuna chaja zinazojua seli imejaa kwa kuangalia volti inaposhuka kidogo baada ya kilele. Ni kweli, lakini huo mshuko unaonekana kwenye chaji ya kasi, C/2 na kuendelea. Kwenye C/10 haueleweki, kwenye C/40 haupo. Kwako saa ya ukutani ndiyo kipimo.

Sasa vifaa vyako. LM317 ikifungwa hivi inakuwa chanzo cha mkondo na si cha volti. Ishike maandishi yakikutazama: mguu wa kushoto ni wa kurekebisha, wa kati ni wa kutokea, wa kulia ni wa kuingilia. Chanya ya adapta inaingia mguu wa kulia. Kati ya mguu wa kati na wa kushoto weka rezista, na mkondo wa kwenda kwenye betri uchukue upande wa mguu wa kushoto, si wa kati. IC inapigania kubakiza volti 1.25 kwenye rezista hiyo wakati wote, kwa hiyo mkondo ni 1.25 gawanya kwa ohmu. Ohmu 12 (kahawia, nyekundu, nyeusi) zinakupa miliampea 104. Rezista ya robo wati inatosha, ya nusu wati ni bora zaidi.

Kwa ule mkondo mkubwa wa kujaza, usibadilishe rezista. Ongeza ya pili ubavuni kwa ya kwanza kupitia swichi. Ohmu 4.7 (njano, zambarau, dhahabu) ya wati 1 ikiungana sambamba na ile ya 12 inakuwa karibu ohmu 3.4, na mkondo unakuwa kama 370. Kwa saa 16 hizo ni karibu 5900, mara moja na nusu ya ujazo wako kasoro kidogo. Napenda mpangilio huu kwa sababu swichi ikiharibika, ikipata kutu ya unyevu wa ziwa au waya wake ukikatika, unaangukia kwenye 100 na si kwenye 400.

Kabla ya kufika kwenye betri, pitisha dayodi ya 1N4007, mstari wake mweupe uelekee betri. Bila hiyo, umeme ukikatika betri itarudisha mkondo kinyume kupitia IC hadi kwenye adapta. Utaona kitaa cha adapta kinaendelea kuwaka gizani na kujiuliza umeme unatoka wapi. Unatoka kwenye betri yako.

Hesabu ya volti inabana lakini inatosha. Seli 10 zikijaa kwenye 370 zinaweza kufika 14.5. Dayodi inakula 0.7, rezista 1.25, na IC yenyewe inahitaji kama 2 za kufanyia kazi. Jumla ni 18.45, nawe una 19. Adapta ya volti 12, ambayo wengi wangeikimbilia, ingeacha kuchaji kabla betri haijafika popote.

IC itapata joto wakati wa kujaza, wati 1.5 hadi 2 seli zikiwa tupu. Ifunge kwenye kipande cha alumini chenye ukubwa wa kiganja. Kumbuka lile bati la mgongoni la LM317 limeungana na mguu wa kati. Likigusa boksi la chuma ambalo limeungana na hasi, umeharibu kazi. Kwenye miliampea 100 hutahitaji alumini, lakini iache hapo hapo.

Jaribu kabla ya kuunga betri. Weka multimita kwenye ampea, waya mwekundu kwenye soketi ya 10A, uguse chanya na hasi za chaja moja kwa moja. Kwa chaja ya kawaida hilo ni kosa la kulipua. Kwa chanzo cha mkondo ndiyo njia sahihi ya kukipima. Swichi ikiwa imezimwa usome karibu 0.10, ikiwashwa karibu 0.37. Sekunde tano zinatosha, kwa sababu wakati huo IC inabeba volti zote peke yake. Ukisoma namba nyingine kabisa, rudia kuangalia miguu. Mara nyingi ni wa kushoto na wa kati vimebadilishana.

Weka na fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na chanya ya betri. Seli hizi zina ukinzani mdogo sana ndani, na waya wa taa ukigusana utapata makumi ya ampea papo hapo. Na usilehemu moja kwa moja juu ya seli. Joto la kulehemu linayeyusha kizibo. Bila shaka zimekuja na masikio ya bati kutoka kwenye taa zao. Lehemu kwenye masikio hayo, haraka, uondoke.

Mahali pa kuziweka ni suala ambalo watu hulipuuza, nami naliona lina uzito kuliko tofauti ya 100 na 150. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku unapoa, hilo linakusaidia. Lakini duka la bati saa nane mchana ni jambo lingine. NiCd ikipita nyuzi 40 inaanza kukataa chaji, na hata hizi za T, ambazo zitavumilia, zitaishi muda mfupi zaidi. Usiziweke juu karibu na paa kwa sababu eti ndiko taa iliko. Ziweke chini, ukutani upande usiopigwa na jua la jioni, waya ndio upandishwe juu. Usizifunge kwa nailoni zote kumi kama mzigo wa dagaa; acha nafasi ya upana wa kidole kati ya moja na nyingine, na boksi liwe na matundu. Matundu yenyewe yazibe kwa kitambaa cha chandarua. Wewe jirani wa ziwa unawajua wale wadudu wanaokuja kama wingu la moshi wakiona taa. Wakijaa ndani ya boksi na kufa wanageuka zulia la kuhifadhi joto. Nyavu zako za dukani hazitafaa kwa hili, hata za dagaa matundu yake ni makubwa.

Kama ingekuwa ni mimi, ningefikiria pia njia mbili nyingine. Ya kwanza ni swichi ya saa, ile ya kuchomeka ukutani. Badala ya 100 mfululizo, unaacha mkondo mkubwa wa 370 uingie saa moja tu kwa siku, ikiwezekana alfajiri kabla bati halijapata moto. Seli zinapoteza kama miliampea-saa 27 kwa siku, nawe unazirudishia 370, kwa mkondo ambao zinaupokea vizuri, na saa 23 zinapumzika bila kuzalisha joto. Kwa maisha ya seli ni bora kuliko chaji isiyokatika. Kasoro yake ni kwamba umeme ukikatika saa ile ile, siku hiyo imepita bure. Na ukitumia taa usiku kucha, lazima ukumbuke kuzijaza kwa mkono.

Ya pili ni paneli ya jua, na hii watu hawaijui inavyowafaa. Paneli kwa asili yake ni chanzo cha mkondo: hadi karibu volti 17 kwa paneli ya “volti 12”, inatoa mkondo ule ule kulingana na jua, haijali betri iko kwenye 12 au 14. Paneli ya wati 5 inatoa kama miliampea 280 jua likiwa kali, yaani C/14 kwako. Funga dayodi tu, bila IC, bila rezista. Mchana haiwezi kuzidi C/10, usiku inazima, na kwa jua sawa na saa 5 kamili kwa siku inakurudishia kama 1400. Usichukue ya wati 20 kwa sababu ipo dukani kwa bei nafuu. Hiyo ni zaidi ya ampea moja, na utahitaji kidhibiti ambacho karibu vyote madukani vimetengenezwa kwa betri za risasi, vyenye volti zile zile za rafiki yako.

Kuhusu “kumbukumbu” ya NiCd, mengi yanayosemwa mtaani yametiwa chumvi, lakini chaji ndefu isiyokatika kweli inafanya chembe za ndani ya mabamba zikue na volti ishuke mapema wakati wa kutumia. Dawa ni rahisi. Mara mbili kwa mwaka zima chaja, washa mkanda wako mpaka mlolongo ufike volti 10, yaani 1.0 kwa seli, kisha jaza saa 16. Usivuke chini ya 10. Seli iliyo dhaifu kuliko zote itaisha kwanza, na zenzake zitausukuma mkondo kupitia kwake kinyume, chanya iwe hasi.

Sasa zile mbili. Sifuri kamili kwa NiCd iliyokaa muda mrefu si lazima iwe kifo. Hizi hazifi kwa kukaa tupu kama betri ya gari. Unaweza kuzihifadhi zikiwa zimeisha na zikafufuka. Ichukue kila moja peke yake, iunge kwenye chaja yako swichi ikiwa kwenye 370, upime volti ikiwa inachaji. IC itachemka kwa sababu inabeba karibu volti zote 16, kwa hiyo hapa ile alumini ni lazima, na afadhali utumie adapta ndogo ya volti 6 kwa jaribio hili. Ikipanda ikapita 1.2 ndani ya robo saa, endelea kuijaza hadi saa 16. Kisha iache bila kitu wiki nzima. Ikiwa bado iko juu ya 1.2, irudishe kundini. Ikiwa imeanguka, ina uvujaji wa ndani, na kwa kazi ya kusubiri haina faida.

Ikikataa kabisa kupanda, kuna unywele wa kadimiamu uliokua ukatoboa kitambaa na kuunganisha mabamba. Mafundi wengine huupiga kwa betri ya gari uungue. Unaungua kweli, na seli inasoma volti mbele ya macho ya mteja. Tundu kwenye kitambaa linabaki, na baada ya siku chache unywele mwingine unapita pale pale. Kwenye tochi ya kuchaji kila jioni ningekuelewa. Kwenye taa ya dharura, hapana.

Ukibaki na 8, una volti 9.6, na mkanda wa LED wa volti 12 utatoa mwanga wa kuonea aibu. Tafuta mbili nyingine za ujazo ule ule kwa yule yule wa chuma chakavu. Usijazie pengo kwa seli ndogo ya rimoti ya 600 mAh: kwenye 370 itakuwa inachajiwa kwa zaidi ya C/2 saa 16 mfululizo, na wakati wa kutumia itakuwa ya kwanza kuisha na kugeuzwa. Hizo 8 zenyewe zipime pia kabla ya kuziunga. Zijaze, kisha moja moja iunge kwenye rezista ya ohmu 3.3 ya wati 1, uone inachukua saa ngapi kushuka hadi 1.0. Mpya ingekwenda karibu saa 10 au 11. Zilizo kwenye saa 7 na 8 zinaweza kukaa pamoja. Ya saa 3 usiichanganye nazo.

Zilizokufa zifunge kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ncha zimezibwa kwa selotepu, mpaka upate wanaokusanya taka za umeme. Usizichome na usizitupe kwenye takataka za mwaloni. Huko Japani, kwenye bonde la mto Jinzu, kadimiamu kutoka mgodini iliingia mtoni, ikafika kwenye mashamba ya mpunga, na watu wakapata ugonjwa wa mifupa ambao serikali yao iliutambua rasmi mwaka 1968 kuwa umetokana na uchafuzi. Seli moja ya ukubwa huu ina gramu kadhaa za madini hayo, na maji ya mwalo wako ndiyo hayo hayo tunayovulia samaki.